Inayokubali na Inayokataa: Pikipiki Mbili Katika Kona za Ngomo

Katika somo la tafsiri tuliombwa kila mmoja achague kurasa nne au tano za Kifaransa cha kiufundi, azitafsiri kwa Kiswahili, kisha aeleze mbele ya darasa maneno matatu yaliyomtesa. Wenzangu walichukua maelezo ya dawa, kanuni za benki, mikataba ya kupanga nyumba. Mimi nilichukua kurasa za jarida moja kuukuu la pikipiki, lisilo na jalada, ambalo fundi wa mtaani kwetu alikuwa akifutia mikono. Ndani yake walilinganisha pikipiki tatu za aina ambayo Wafaransa huiita sport-GT, yaani mashine iliyoundwa kubeba watu wawili na masanduku yao mwendo wa siku nzima, na bado ikaenda kwa raha barabara inapoanza kujipinda milimani. Zilikuwa Honda VFR 800, Yamaha FJR 1300 na BMW R 1200 RT. Hakuna hata moja kati ya hizo niliyowahi kuiona Bukavu, lakini swali walilouliza nililijua tangu utotoni: ipi inapita kona vizuri?

Neno la kwanza lililonitesa ni maniabilité. Kamusi niliyokuwa nayo ilinipa «urahisi wa kutumia», jambo linaloweza kusemwa pia juu ya jiko au mwavuli. La pili ni tenue de route, ambalo kwa kulifuata neno kwa neno lingekuwa «ushikaji wa barabara», nalo angalau linaeleweka. La tatu ni chasse. Hapo kamusi ilinipa «uwindaji», na kwa muda nilikuwa na sentensi inayosema kwamba Yamaha ina uwindaji mrefu kuliko Honda.

Chasse ya pikipiki haina mnyama wala mkuki. Tazama uma wa mbele: haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea nyuma. Chora mstari unaofuata mhimili wa usukani mpaka uguse ardhi. Chora mwingine wima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka chini. Ule wa kwanza hugusa ardhi mbele ya ule wa pili, na umbali kati yao, ambao kwa pikipiki nyingi ni sentimita chache tu, karibu kumi, ndio chasse. Ni jambo lilelile linalofanya magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali yajigeuze yenyewe na kufuata upande unaosukumwa: sehemu inayogusa sakafu iko nyuma ya mhimili, basi inaburutwa, na kinachoburutwa hunyooka. Chasse ikiwa ndefu, pikipiki hutulia barabara iliyonyooka na huwa mvivu kuingia kona. Ikiwa fupi, huingia haraka, lakini usukani hucheza kila inapokutana na jiwe. Nilitafsiri «mburuto». Mwalimu hakulipenda, ila hakuwa na jingine.

Baada ya neno hilo, kurasa zilizobaki zilinifungukia. VFR ilisifiwa kwa kugeuka upesi: umbali kati ya magurudumu yake mawili ni kama mita 1.46, na uzito wake na mafuta ni karibu kilo 250. FJR ni ndefu zaidi, karibu mita 1.54, nayo hukaribia kilo 290. Inataka kusukumwa ndani ya kona, lakini ikishaingia haitikisiki. BMW ina utaratibu wake wa mbele uitwao Telelever, unaozuia pua isizame breki inaposhikwa, na injini ya silinda mbili zilizolala, moja kila upande, hivyo uzito wake mwingi uko chini. Injini ya namna hiyo huitwa boxer kwa sababu pistoni zake huenda na kurudi kama ngumi za wapiganaji wawili. Nilicheka peke yangu niliposoma hilo, kwa maana kwetu Boxer ni ile Bajaj ya Kihindi yenye silinda moja tu, ambayo haimpigi mtu ngumi. Ndivyo jina linavyosafiri bila mizigo yake.

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na ulinganisho mwingine ambao haukuwa wa karatasi. Kaka yangu ni motari. Kwa miaka minne alikuwa akiendesha Boxer 150 ya mtu mwingine, na kila Jumamosi alipeleka versement, hata juma ambalo mvua ilifunga barabara. Mwaka ule zamu ya mama katika likelemba ya soko ilifika, na mama akasema fedha zile zitanunua pikipiki ya kwetu. Njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa Boxer mpya kama ile aliyoizoea. Ya pili ilikuwa Yamaha DT 125 iliyotumika, mali ya mtu aliyeiendesha kazini kwa miaka mingi na sasa anaiuza kwa bei iliyokaribia sana ile ya Boxer mpya. Mamotari wa stendi yetu waligawanyika kama bunge. Wengi walisema DT, kwa sababu ni mashine ya milima, na kwa sababu, tuseme ukweli, inapendeza machoni.

Mama alisikiliza wote, kisha akasema: «Mimi sijui majina yenu. Nunueni ile inayorudi nyumbani.»

Alikuwa na sababu. Kaka hufanya kazi kati ya Bukavu na Kamanyola, kwa barabara ya taifa namba 5, inayopita Nyangezi na kushuka mteremko wa Ngomo kabla ya kufika uwanda wa Ruzizi. Asiyeijua Ngomo ajaribu kupiga picha hii: ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ziwa Tanganyika karibu mita 770, na mto Ruzizi unaunganisha maziwa hayo mawili kwa kuporomoka tu. Barabara haina ruhusa ya kuporomoka, basi inajikunja. Ni ya udongo, nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Magari yameanguka humo miaka mingi, na kila familia ya njia hiyo ina jina la mtu wa kulitaja. Ipo njia nyingine, ya lami, inayovuka Ruzizi na kupita upande wa Rwanda hadi Bugarama, kisha inarudi Kongo pale Kamanyola. Ina kona nyingi nzuri, laini kama zile za jarida. Lakini inadai vibali vya mpaka mara mbili, na motari mwenye gunia na abiria asiye na karatasi hupita Ngomo.

Mwenye DT alikubali tuijaribu siku moja. Boxer tulikuwa nayo. Kaka aliamua tushuke na kupanda Ngomo kwa zote mbili katika juma lilelile, na mzigo uleule: yeye, mimi nyuma yake, na gunia la viazi la kilo 50 wakati wa kushuka, la mchele wakati wa kupanda. Mimi nilikuwa abiria tu. Ila abiria wa pikipiki si abiria wa basi, kama nitakavyoeleza.

Tulianza na DT. Mpaka Nyangezi nilikuwa upande wa wale waliosema DT. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 21, wakati la Boxer ni la inchi 17, na tofauti hiyo unaisikia kwenye mgongo. Gurudumu dogo linaingia shimoni; kubwa linalipita juu. Springi zake zina safari ndefu, mawe yanapotea chini yako. Kabla ya kupakia gunia, kaka aliizungusha mara mbili uwanjani, akainuka juu ya vikanyagio, na nikamwona akitabasamu kama kijana wa miaka kumi na sita. Injini yake ni ya mipigo miwili, ukifungua gesi inaruka. «Hii inakubali,» alisema.

Kisha ikaja Ngomo, na gunia. Nilihisi jambo la kwanza kabla ya kulielewa: tulikuwa juu sana. Kiti cha DT ni kirefu tangu mwanzo, na mzigo ukikaa juu ya kiti kirefu, kitovu cha uzito hupanda nacho. Katika kona za mwendo wa wastani hilo si baya, pikipiki yenye uzito wa juu hulala kwa hiari. Lakini katika zile kona za kujikunja kabisa, ambapo mwendo hushuka mpaka ule wa mtu anayetembea, motari anahitaji mguu. Kaka si mrefu. Ncha ya kiatu chake iligusa udongo, kisigino hakikugusa. Mara moja lori lilikuwa linapanda, ikatubidi tusimame katikati ya kona, upande wa korongo, na nilisikia misuli ya mgongo wake ikikaza kama kamba ya kufungia mbuzi. Pikipiki haikuanguka. Hakuna aliyesema neno mpaka lori lilipopita.

Jambo la pili lilikuwa sauti. Boxer inaposhuka na gia ya pili, injini yake ya mipigo minne hunguruma na kushika: ukifunga gesi, mashine yenyewe inakataa kukimbia. DT ilipofungwa gesi iliimba tu, pep-pep-pep, ikaendelea kuteremka. Mipigo miwili haishiki mteremko kwa nguvu hiyo. Kwa hiyo kazi yote ikaenda kwenye breki, na breki inayoshikwa muda mrefu hupata moto, na ikipata moto hulegea. Zaidi ya hayo, katika injini ya namna ile mafuta ya kulainisha huingia pamoja na petroli. Ukifunga gesi muda mrefu huku injini inazunguka kwa kasi, unaipa zunguko bila kuipa mafuta ya kutosha. Kaka alilijua hilo kwa masikio, basi kila baada ya mita mia mbili alifungua gesi kidogo ili kuinywesha. Fikiria: mteremko wa Ngomo, mzigo mgongoni, na unalazimika kuongeza gesi ili usiue injini.

Siku tatu baadaye tulishuka kwa Boxer. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa mwekundu na mzito. Hapo sitadanganya: mpaka tulipofika mteremkoni, Boxer ilinichosha. Kila shimo liliniambia jina lake. Lakini Ngomo ilipoanza, kaka alitia gia ya pili, akaacha breki ya mbele karibu kabisa, na tukashuka kama mzee anayeshuka ngazi. Kisigino chake kilifika chini kila kona. Gurudumu la nyuma liliteleza mara mbili, kidogo, na likarudi lenyewe. Nilipokuwa nyuma yake niliweza kufikiri habari nyingine, jambo ambalo juu ya DT halikuwezekana.

Kupanda kulibadilisha hesabu. Na mchele nyuma, sehemu ya nyuma ya Boxer ilizama, pua ikainuka, na kila kona ya kushoto na ya kulia ilianza kuwa pana kuliko ilivyotakiwa. Kaka aliielekeza ndani, yenyewe ikataka kutoka nje. «Unaona? Sasa hii ndiyo inayokataa.» DT, kwenye kupanda kulekule, ilipita mawe kama mbuzi.

Jioni ile nilirudi kwenye kurasa zangu za tafsiri na nikaona kwamba mambo yote mawili yalikuwamo, ila kwa sura nyingine. Tuanze na lile ambalo watu wengi stendini hawaliamini: uzito hauamui pikipiki ilale kiasi gani kwenye kona. Kona ya nusukipenyo cha mita 20, ukiipita kwa kilomita 30 kwa saa, inakudai uegame karibu nyuzi 20. Ukiipita kwa kilomita 40, inakudai nyuzi 32 hivi. Ni mwendo na ukubwa wa kona tu. Kilo hazimo katika hesabu hiyo. FJR yenye watu wawili na Boxer yenye gunia la viazi, kona ileile, mwendo uleule, zinaegama sawasawa. Angalia pia kwamba kilomita kumi zaidi hazikuongeza theluthi moja ya mwegamo bali zaidi ya nusu yake, maana mwendo huzidishwa kwa wenyewe. Kwenye udongo wenye maji, nyuzi 32 ni mahali ambapo tairi halina tena cha kushika.

Kilo zinaingia kwa mlango mwingine. Mzigo wa nyuma huzamisha springi za nyuma. Nyuma ikizama, uma wa mbele unalala zaidi. Uma ukilala zaidi, ule mburuto unarefuka, na gurudumu la mbele linabaki jepesi. Ndiyo sababu Boxer ilikuwa inakataa wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka, mteremko wenyewe hurudisha uzito mbele, na gurudumu la mbele linapata kazi yake tena. Waandishi wa jarida walizungumza juu ya kurekebisha springi kwa kufuata abiria na masanduku, kwa kitasa kidogo cha kuzungusha. Nasi tuna pete chini ya springi za Boxer, zenye ngazi chache, na motari wengi huziweka ngazi ya juu kabisa siku ya kwanza na hawazigusi tena.

Kisha nilifanya hesabu ambayo jarida halikuwa na sababu ya kuifanya. FJR ina karibu kilo 290. Mpakie watu wawili wa kilo 70 na masanduku ya kilo 40: mzigo ni kilo 180, yaani pungufu ya theluthi mbili za uzito wa mashine. Boxer ina kama kilo 120. Mpakie kaka, mimi na gunia: kilo 185. Mzigo ni mara moja na nusu ya uzito wa mashine. Maana yake ni kwamba Ulaya, mtu akisema «pikipiki hii inapita kona vizuri», anasema zaidi juu ya pikipiki. Ngomo, sehemu kubwa ya kitu kinachopita kona si pikipiki. Ni gunia, na ni abiria.

Ndiyo maana nilisema abiria wa pikipiki si wa basi. Kaka ana maneno anayompa kila abiria mgeni kabla ya Nyangezi: «Mama, mimi nikilala, nawe lala. Usijizuie.» Abiria anayeogopa hukaa wima, na kwa kufanya hivyo anaivuta mashine itoke nje ya kona. Mama aliyekaa upande mmoja, miguu yote pamoja kwa ajili ya kitenge chake, huifanya pikipiki ipende kona za upande wake na izichukie zile nyingine. Kaka hujua kwa kilomita ya kwanza ni abiria wa namna gani amembeba, na hupunguza au huongeza mwendo kwa kadiri hiyo. Hilo hutalipata katika jedwali lolote la vipimo.

Hapa ndipo neno lililonitesa lilipoanza kunipa nafasi. Kwa Kifaransa, maniabilité ni nomino, na nomino hiyo ni mali ya mashine: pikipiki ina maniabilité kama inavyo taa na honi. Mwenzangu mmoja darasani, hodari wa unyambuaji, alinishauri niandike «uendeshekaji». Neno hilo limejengwa sawasawa, kila kiambishi kiko mahali pake, na sijasikia mtu akilitumia akiwa hai. Mamotari wetu hawana nomino ya jambo hili hata kidogo. Wana vitenzi: inakubali, inakataa, inatii, inalala, inasukuma nje. Na vitenzi vyao havitembei peke yao. Inakubali nini? Inamkubali nani? Kaka husema «hii inanikubali», kwa kiambishi cha mtendwa ndani, na ukimwondoa yeye katika kitenzi hicho sentensi inapungukiwa. Hata kulala kwa pikipiki kuna ngazi zake. Ikiwa yenyewe inaingia konani kwa hiari, inalala. Ikiwa motari ndiye anayeilazimisha, anailaza. Na gunia likihama, linailalia, hapo ndipo mtu anashuka kufunga kamba upya. Kitenzi kimoja, na tofauti kati ya maumbo yake matatu ni tofauti kati ya safari njema, safari ya kazi na hatari.

Nilitafsiri kwa vitenzi popote ilipowezekana. Mahali Mfaransa aliposema VFR ina maniabilité bora katika kona fupi, niliandika kwamba VFR humkubali mwendeshaji upesi zaidi katika kona fupi. Mwalimu wetu alinipinga kwa hoja ambayo siwezi kuidharau: jedwali lina safu, safu inataka kichwa, na kichwa cha safu hakiwezi kuwa «humkubali mwendeshaji upesi». Maandishi ya kiufundi yana mahitaji yake. Tulikaa juu ya neno moja karibu nusu saa ya somo, wengine wakichora uma wa pikipiki ubaoni, na mwishowe jedwali likapata «utiifu», mimi nikabaki na vitenzi vyangu ndani ya aya. Bado nadhani jedwali ndilo lililokuwa na kosa. Kuipa DT namba nane na Boxer namba sita katika safu ya utiifu ni kusahau kuuliza inamtii nani, akiwa na nini mgongoni, akipanda au akishuka.

Mtu wa nyuma ya darasa, anayetoka Uvira na kuijua barabara hiyo kuliko mimi, aliniuliza wazi: ninyi mlinunua ipi?

Boxer. Kaka aliamua siku ileile ya mvua, kabla hatujafika Kamanyola. Hakuleta hoja ya vipuri, ingawa ipo na ni nzito, wala ya petroli. Alisema tu kwamba anapanda na kushuka na watu, na anayeshuka na watu anahitaji injini inayoshika na kisigino kinachofika chini. Kupanda, ukishindwa, unasimama. Mama aliuliza kama hiyo ndiyo inayorudi. Kaka alijibu: «Mama, inashuka polepole.» Mama akatoa fedha.

DT ilichukuliwa na muuguzi mmoja anayepanda Kaziba peke yake, na mfuko wa dawa begani, barabara za mawe matupu. Tulikutana naye Nyangezi mara moja, anaisifu mno, na ana haki. Ana miguu mirefu pia.

Lilibaki tatizo la kupanda, ile pua inayoinuka. Nilimwonyesha kaka mchoro wangu wa mburuto, mistari miwili na gurudumu. Aliutazama, akaniuliza kama watu wa jarida walilipwa kwa kuchora hivyo, kisha akaenda kwa fundi. Sasa akipanda na mchele haufungi wote nyuma. Hugawa: kilo 35 nyuma, kilo 15 katika mfuko mdogo juu ya tangi, kati ya magoti yake na usukani. Magoti yanabaki yamefunguka kama ya mpiga ngoma, abiria humcheka, na polisi wa barabarani ameshamsimamisha mara mbili kuuliza hiyo ni nini. Lakini gurudumu la mbele limerudi kazini, na kwenye kona ya tatu kutoka juu, ile ambayo Boxer ilikuwa ikitoka nje kila mara mpaka kwenye nyasi, alama za tairi lake sasa ziko ndani ya njia.